Nani anakaa kando ya kitanda cha mama?

Maswali ya wasomaji na majibu ya Mama Mwalimu, Lindi

SWALI: Shikamoo Mama Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Chikongola, Mtwara mjini. Namuuguza mama yangu mzazi, huu ni mwezi wa tano hawezi kuinuka. Asubuhi namwosha, namlisha uji, halafu nakaa barazani kubangua korosho za kuuza stendi, huku sikio langu liko chumbani. Wiki iliyopita mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Dar es Salaam akanionyesha kwenye simu mahubiri ya mtu anayesema kwamba Wayahudi tangu zamani walikuwa na mungu mke aitwaye Shekina, na kwamba wakubwa wa dini walimficha ili wanawake tusimjue. Akaniambia nimwombe usiku, mama atapona. Mimi neno Shekina nalijua kanisani, kwaya huimba utukufu wa Shekina, lakini sikuwahi kusikia kuwa ni wa kike. Mama ni Mwislamu, mimi nilibatizwa kufuata upande wa baba. Akisikia naomba mungu mke atalia. Je, ni kweli? Na nimwombe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Miezi mitano ya kumgeuza mtu kitandani si kazi ndogo, mgongo wako naujua unavyouma.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Usimwombe Shekina kama mungu wa pili. Wayahudi wenyewe hawafanyi hivyo. Asubuhi na jioni hukiri lile neno la Kumbukumbu la Torati 6:4, kwamba Bwana ni mmoja, na wako waliokufa wakilitamka. Aliyemhubiria mdogo wako amechukua jambo la kweli akalipinda mpaka wenyewe wasingelitambua. Lakini jambo lenyewe lipo, na la kike ni la kike kweli. Nimelibeba moyoni miaka mingi, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Nilipokuwa nafundisha somo la Biblia sekondari, padre mmoja mzee, sasa marehemu, alikuwa akinifundisha Kiebrania jioni kwa taa ya chemli, herufi moja moja. Siku tuliyofika kwenye shina la sh-k-n akaniambia, "Hili unalo tayari nyumbani kwako." Maana yake ni kukaa, kutua mahali, kufanya makazi. Waarabu wanalo kwa sauti ya s, na sisi wa pwani tumelipokea kutoka kwao: maskani. Ukifungua Biblia yako ya Kiswahili, Kutoka 25, utaliona neno hilohilo limetumika kwa ile hema aliyoijenga Musa jangwani, na kwa Kiebrania hema hiyo inaitwa mishkan. Wafasiri wetu walirudisha ndugu kwa ndugu. Shekina basi ni kule kukaa kwenyewe: Mungu akiwa ametua, yupo hapa, karibu.

Katika aya ya 8 ya sura hiyo Mungu anasema: "Nao na wanifanyie patakatifu, ili nipate kukaa kati yao." Walimu wa Kiyahudi wameitazama aya hii kwa makini sana, kwa sababu haikusema nikae ndani yake, yaani ndani ya hema. Imesema kati yao, kati ya watu.

Sasa, jina Shekina lenyewe halimo katika Torati, wala katika manabii, wala katika Zaburi. Kitenzi kimo, jina halimo. Lilianza kusikika baadaye, katika tafsiri za Kiaramu zilizosomwa masinagogi na katika vitabu vya marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi, kama Talmudi. Marabi hao waliishi baada ya Warumi kubomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Fikiri, mwanangu: nyumba ambayo waliamini Mungu anakaa imekuwa kifusi. Atakuwa amekwenda wapi? Rabi Shimon bar Yochai, wa karne ya 2, akajibu kwamba popote Waisraeli walipohamishwa, Shekina ilikwenda nao. Walipokuwa Misri ilikuwa nao, walipopelekwa Babeli ilikuwa nao. Ilifunga mzigo na wakimbizi. Wengine wakafundisha kwamba watu wawili tu wakikaa na maneno ya Torati yapo kati yao, Shekina imekaa hapo kati yao. Hapakuhitajika tena jengo.

Na la kike linatoka wapi? Kwanza linatoka kwenye lugha. Kiebrania hugawa kila nomino kuwa ya kiume au ya kike, meza ni ya kiume, mji ni wa kike, na Shekina iko upande wa kike. Sisi hatuna mgawanyo huo. Tukisema "Mungu anakaa", hiyo a- ni ya baba, ya mama, ya mtoto, hata ya mbuzi. Nimewahi kukaa na watu wa lugha nyingine wakibishana hadi usiku kama Mungu aandikwe kwa neno la mwanamume au la mwanamke, nikawa nashukuru kimoyomoyo kwamba bibi yangu aliomba maisha yake yote bila kulazimika kuchagua. Mdogo wako amesikia mahubiri yaliyotoka katika lugha inayolazimisha kuchagua, na ndiyo maana Shekina imemfikia ikiwa imevaa gauni.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba ni sarufi tu. Biblia ya Kiebrania ina mengi ya kimama juu ya Mungu. Tumbo la uzazi kwa Kiebrania ni rehem, na huruma ya Mungu ni rahamim, shina moja na Rehema zetu zote mnaowajua mtaani. Isaya 66:13 inasema wazi: "Kama mtu ambaye mama yake amfariji, ndivyo nitakavyowafariji ninyi." Na katika Talmudi yumo Rav Yosef, mwalimu mkubwa wa Babeli katika karne ya 4, aliyekuwa kipofu. Aliposikia nyayo za mama yake zikija alikuwa akisema, "Nasimama mbele ya Shekina inayokuja." Hakumwona, alisikia miguu. Mimi nikisoma hapo nasikia mkongojo wa mama yangu kwenye sakafu ya nyumba yetu ya Mikindani, kok, kok, kisha kimya kidogo anapumzika penye kizingiti, kisha kok tena.

Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Katika Talmudi hiyohiyo, kwenye kitabu kiitwacho Nedarim, wanazungumzia namna ya kumtembelea mgonjwa. Wanasema Shekina imekaa juu ya kitanda chake, upande wa kichwani, nao wanategemea Zaburi 41 inayosema Bwana humtegemeza mgonjwa kitandani. Kwa hiyo anayeingia asikae kitandani, wala kwenye benchi, wala kwenye kiti. Ajifunike nguo yake vizuri na akae chini, sakafuni, kwa adabu, kwa sababu hayuko peke yake na mgonjwa. Walimu wa baadaye walilegeza, wakasema katazo ni pale mgonjwa anapokuwa amelazwa chini, ili mgeni asikae juu kuliko kichwa chake.

Nilimuuguza mama yangu miaka miwili kabla hajafariki. Kitanda chake kilikuwa cha kamba, tukimgeuza kinalia. Wanawake wa mtaa walikuwa wakija baada ya alasiri. Wanavua kandambili mlangoni, wanaingia kimya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kile kiti cha baba kilichokuwa pembeni. Wote chini kwenye mkeka, kanga wamezivuta hadi kwenye paji la uso, mmoja amemshika mama mguu juu ya shuka. Mimi siku zote niliona ni desturi yetu tu, kama kumkaribisha mgeni maji. Miaka mingi baadaye nilipokifikia kifungu hicho cha Nedarim ilibidi nifunge kitabu nikatoka nje. Wale mama hawakuwa wamesoma Talmudi, na sisemi desturi yetu imetoka kwa Wayahudi. Nasema tu niliwaona tena, mmoja mmoja, na pale walipokaa.

Kwa hiyo mdogo wako anapokuambia umwite Shekina usiku, jibu ambalo marabi wangekupa ni kwamba huna haja ya kuiita. Unayemwosha asubuhi, kichwani pake tayari pamekaliwa.

Yako mengine uyajue ili usiyumbishwe. Katika karne za kati Wayahudi waligawanyika juu ya jambo hili. Saadia Gaon, mzaliwa wa Misri mwaka 882, na baada yake rabi mwingine, Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, waliogopa sana watu wasije wakafanya miungu miwili. Wakafundisha kwamba Shekina ni nuru iliyoumbwa, ishara ya Mungu, si Mungu mwenyewe. Upande mwingine wakatokea watu wa Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, hasa kupitia kitabu cha Zohar kilichojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Hao ndio waliofungua mlango wazi wazi. Wanasema Mungu mmoja hujidhihirisha kwa njia kumi, na ya kumi, iliyo karibu zaidi na dunia, ni Shekina: binti, bibi harusi, malkia, mama wa chini. Wanamwita mwezi, kwa sababu hana nuru yake mwenyewe ila anayoipokea. Wanamwita bahari, kwa sababu kila kilichotiririka juu huishia kwake, kama Lukuledi na Ruvuma zinavyoishia huku kwetu. Na wanasema yuko uhamishoni, ametengana na mpenzi wake, na kila tendo jema la mtu huwakaribisha.

Hapo kwa kweli mtu anaweza kuteleza akaona mungu mume na mungu mke. Watu wa Kabala wenyewe walikataa, wakashikilia kwamba kumi hizo ni moja kama mwali wa moto ulioshikana na kaa. Lakini hofu haikuisha. Katika karne ya 18 Rabi Yechezkel Landau wa Prague alipinga vikali desturi ya kutamka, kabla ya tendo jema, maneno ya kuunganisha Mtakatifu na Shekina yake. Kwa hiyo hakuna aliyemficha Shekina. Wamebishana juu yake hadharani kwa karne na karne, na vitabu vipo. Siku hizi wako wanawake wa Kiyahudi, Marekani hasa, wanaosali kwa maneno ya kike wakitumia jina hilo, na wako wenzao wasiokubali.

Ashera, ambaye nadhani mhubiri wa kwenye simu amemchanganya humo, ni habari nyingine. Huyo alikuwa mungu mke wa Kanaani, Biblia inamtaja kwa jina, na mfalme Yosia aliitoa sanamu yake Hekaluni akaichoma (2 Wafalme 23:6). Wako wataalamu wanaopenda kumuunganisha na Shekina. Mimi siioni njia hiyo, kwa sababu Shekina ilitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakali kuliko wote juu ya Mungu kuwa mmoja, tena karne nyingi baada ya Ashera kuchomwa.

Mama yako akikuuliza unasoma nini, msomee tu kile cha mkeka. Hatalia kwa hofu. Na wewe mwenyewe, mtu akija kumtazama mgonjwa, mwachie akae dakika kumi, wewe ulale kidogo.

SWALI: Mama Mwalimu, habari za kazi. Niko Masasi, ni kijana wa kidato cha sita. Nimesoma kwamba Wayahudi kila Ijumaa jioni humpokea bibi harusi. Huyo bibi harusi ni nani, na mbona hafiki?

JIBU: Hafiki kama mtu kwa sababu ni siku, mwanangu, lakini hufika kila wiki! Ni Sabato. Talmudi inasimulia marabi wawili. Rabi Hanina Ijumaa jua likikaribia kuzama alijitanda nguo yake nzuri akasema, njoni twende kumlaki Sabato malkia. Rabi Yannai yeye alivaa akasema, njoo ewe bibi harusi. Maneno mawili tu, lakini yalikaa kama mbegu.

Mbegu ikaota Safed, mji wa milimani Galilaya, katika karne ya 16. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, na baadhi ya waliotawanyika na watoto wao wakajikuta huko. Walikuwa watu wenye msiba, na Shekina ya uhamishoni waliijua kwa miguu yao. Rabi wao mashuhuri kuliko wote ni Isaac Luria, aliyefariki mwaka 1572 akiwa na miaka 38 tu. Ijumaa jioni walitoka mjini wakiwa na mavazi meupe, wakasimama mashambani kumpokea Sabato, ambaye kwao alikuwa ndiye Shekina mwenyewe akirudi nyumbani. Mmoja wao, Shlomo Alkabetz, alitunga shairi la kumlaki, na hadi leo linaimbwa masinagogi duniani kote. Likifika ubeti wa mwisho watu wote hugeuka, wakatazama mlangoni na kuinama, kwa maana anaingia.

Hicho kitendo cha kugeuka nakipenda sana. Wewe wa Masasi umeona harusi: watu wamekaa uwanjani, chakula kiko tayari, mara mtoto aliyetumwa barabarani anapiga kelele kwamba gari limeonekana. Kila mtu anageuka kabla hajaona kitu, na vigelegele vinaanza mkiani mwa umati, kwa wale waliokuwa hawajapata hata pa kukaa.

Nyumbani ni mama mwenye nyumba anayewasha mishumaa kabla jua halijazama. Mezani pana divai na mikate miwili iliyosukwa kama nywele. Kisha husomwa Mithali 31: "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona? Maana kima chake chapita kima cha marijani." Mume anamsomea mkewe aliyechoka kupika tangu alfajiri, na watu wa Kabala wanasema maneno hayohayo yanamhusu Shekina. Mimi sioni kwa nini mtu achague mmojawapo.

SWALI: Mama Mwalimu, mimi ni mzee wa Mikindani, macho yamepungua, namwandikisha mjukuu wangu barua hii. Mjukuu mwenyewe anaitwa Sakina. Umeandika siku moja juu ya maskani na Shekina. Je, jina la mjukuu wangu ni la Kiyahudi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Jina la mjukuu ni la Kiarabu na ni la Qur'ani, usiwe na wasiwasi. Lakini Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa nyumba moja, na Sakina na Shekina wanafanana uso. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 248, Nabii wa Wana wa Israili anawaambia watu wake kwamba alama ya ufalme wa Taluti ni kujiwa na lile sanduku ambalo ndani yake mna sakina itokayo kwa Mola wao, na mabaki ya waliyoyaacha watu wa Musa na watu wa Haruni, likichukuliwa na malaika. Ni sanduku lilelile lililokuwa katika maskani ya Musa. Mahali pengine, kama Sura ya Al-Fat'h, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anaiteremsha sakina katika nyoyo za waumini, na wafasiri wetu wa Kiswahili huandika utulivu.

Maana zimeachana njiani, na ni vyema tuziache zilivyo. Kwa Wayahudi wengi Shekina ni Mungu mwenyewe akiwa karibu. Katika Uislamu sakina ni kitu anachokiteremsha Mungu, utulivu anaoutia moyoni. Hakuna ukike wa Mungu humo.

Mpe mjukuu msahafu, aifungue hiyo aya ya 248 na akusomee kwa sauti. Jina lake liko mstari huohuo na sanduku.